Dawa ya Kumsinzisha Mgonjwa wa Dharura: Tuanze na Kazi, Dawa Ifuate

(Hotuba kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa idara za dharura)

Mganga mfawidhi, madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia, na ndugu zetu wa kitengo cha usingizi mliokubali kukaa nasi: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie dawa tunazowapa wagonjwa wa dharura pale tunaporudisha bega lililoteguka, tunaponyoosha mfupa, tunapopasua jipu, tunaposafisha jeraha la moto au tunaposhtua moyo kwa umeme. Nitasema mapema ninaposimama, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa.

Katika hospitali zetu nyingi bado mgonjwa aliyevunjika mkono huchomwa diazepamu miligramu 10, wakaitwa vijana wawili wenye nguvu wakamshika, mfupa ukavutwa. Akipiga kelele anaambiwa avumilie. Baadaye hakumbuki vizuri kilichotokea, nasi tunaandika kwenye faili kwamba kazi imekwisha salama. Nasema jambo hili tuliache. Diazepamu haiondoi maumivu hata chembe, na midazolamu vilevile. Zinamlegeza mtu na kumsahaulisha, lakini maumivu yenyewe yanamfika yote. Mapigo ya moyo yanapanda, misuli inajikaza, na kwa sababu hiyo hata mfupa unagoma kurudi mahali pake.

Kuna ubaya mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Maumivu yanamwamsha mgonjwa na kumfanya aendelee kuvuta pumzi hata kama tumempa dawa nyingi. Mfupa ukishakaa na hogo likishafungwa, maumivu yanapungua ghafla. Dawa inabaki mwilini bila kitu cha kuipinga. Ndipo mgonjwa anapoacha kupumua, dakika chache baada ya sote kuondoka kitandani kwenda kumwona mwingine. Mwenye kumbukumbu ya mgonjwa wa aina hii hapa ukumbini anajua ninachokisema.

Mtabibu akinipigia simu usiku kuuliza, "Daktari, nimpe nini?", mimi humuuliza kwanza anataka kumfanya nini. Mtoto anayepelekwa kupigwa picha kwenye mashine ya CT hasikii maumivu yoyote. Anachohitaji ni kutulia. Kijana wa bodaboda mwenye nyonga iliyotoka anahitaji maumivu yaondoke na misuli ilegee. Mzee ambaye moyo wake unakwenda mbio na presha inashuka anahitaji kusinzia dakika mbili tu, mshtuko wa umeme upite, aamke. Hizo ni kazi tatu tofauti, na dawa iliyo nzuri kwa moja inaweza kumuua mgonjwa wa nyingine. Swali la pili ni la mgonjwa mwenyewe: umri wake, uzito wake, presha yake, shingo yake fupi au ndefu, anakoroma usiku au hakoromi, anakunywa pombe kiasi gani. La tatu ndilo tunaloliruka kila siku: nani yupo hapo, na akiacha kupumua mtafanya nini?

Na wakati mwingine jibu ni kwamba hahitaji kusinzishwa kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu ganzi ya mahali pamoja tumeisahau, nayo ndiyo salama kuliko dawa zote nitakazozitaja. Mkono uliovunjika karibu na kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, unaweza kunyooshwa kwa mililita 10 za lignokeini ya asilimia 1 zilizochomwa kwenye damu iliyovilia pale penye mvunjiko, baada ya kusafisha ngozi vizuri. Bega lililoteguka linaweza kurudishwa kwa mililita 20 za lignokeini hiyohiyo ndani ya kiungo. Mgonjwa yuko macho, anaongea na wewe, na baada ya muda mfupi anakwenda nyumbani. Mama mzee aliyevunjika nyonga anaweza kuchomwa ganzi ya mishipa ya fahamu ya paja akapumzika bila kuguswa na dawa ya kuzuia pumzi. Someni chupa tu. Lignokeini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni mililita 21 za asilimia 1, lakini za asilimia 2, ambazo ndizo zimejaa kwenye makabati yetu, ni kama 10 tu.

Sasa tuje kwenye ketamini.

Kama hospitali yako ina dawa moja tu ya kusinzisha kwa ajili ya kazi inayouma, iwe hiyo. Calvin Stevens aliitengeneza mwaka 1962 akiifanyia utafiti kampuni ya Parke-Davis huko Marekani. Mwaka 1964 madaktari Edward Domino na Guenter Corssen wakaanza kuwapa binadamu, wafungwa waliojitolea katika jimbo la Michigan. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, ikatumika kwa majeruhi wa vita vya Vietnam, na tangu mwaka 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2015 China ilipendekeza katika Umoja wa Mataifa kwamba iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kujilevya. Shirika la Afya Duniani lilishauri isiwekwe, na uamuzi ukaahirishwa. Kwetu sisi lile halikuwa jambo la mbali. Dawa ikishawekewa vizuizi vizito vya kuvuka mipaka, anayeikosa kwanza ni hospitali ya wilaya, na hospitali ya wilaya ndiyo isiyo na dawa nyingine ya kuziba pengo.

Ubora wake uko hapa: inaondoa maumivu, inamtenga mtu na yanayotendeka mwilini mwake, na bado anapumua mwenyewe, anameza mate, na presha yake haianguki. Mshipani tunatoa miligramu 1 mpaka 2 kwa kila kilo, taratibu, kwa muda wa nusu dakika mpaka dakika nzima. Ukiisukuma kwa haraka mgonjwa anaweza kusimama kupumua kwa muda. Mshipa usipopatikana, sindano ya paja, miligramu 4 mpaka 5 kwa kilo, nayo inachukua kama dakika tano kushika.

Tumchukue mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji wa moto pajani, na leo tunabadilisha bandeji. Sista anampima kwenye mizani. Tafadhali asikadirie kwa macho, wala asitegemee kanuni ya umri peke yake, kwa sababu watoto wetu wengi ni wepesi kuliko kanuni inavyosema. Ana kilo 15. Chupa ya ketamini iliyo mkononi ni ya mililita 10, na kila mililita ina miligramu 50, yaani miligramu 500 ndani ya chupa ndogo kiasi hicho. Kwa sindano ya paja anahitaji miligramu 60, ambazo ni mililita 1.2. Kwa mshipani tunavuta mililita 2 za dawa na mililita 8 za maji ya chumvi katika bomba moja la mililita 10, tunapata miligramu 10 kwa kila mililita, na juu ya bomba tunabandika plasta yenye maandishi: ketamini, 10 kwa ml. Mtoto huyu atapewa mililita 2 na ushei. Asiyechanganya namna hii akavuta mililita zilezile moja kwa moja kutoka kwenye chupa, amempa mara tano. Ndiyo maana napenda anayevuta asome kwa sauti, na wa pili asome lebo kwa macho yake mwenyewe.

Kabla ya sindano, mama wa mtoto aelezwe. Aambiwe hivi: "Mama, atabaki macho wazi, na macho yatakuwa yanachezacheza. Anaweza kunyanyua mkono au kutoa sauti. Hatatusikia sisi wala hatasikia maumivu. Tutamwangalia mpaka aamke, na wewe utakuwa hapa." Mama asiyeambiwa anadhani mwanawe anakata roho mbele yake. Kumweleza hakuchukui hata dakika moja, na kunaondoa kilio kizima cha chumba.

Kuna hofu mbalimbali juu ya ketamini, na nyingine ni za haki. Zoloto linaweza kujikaza na pumzi ikakwama. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikusanya taarifa za watoto 8,282 waliopewa ketamini katika idara za dharura, na tukio hilo lilionekana kwa asilimia 0.3. Ni nadra, lakini likikukuta wewe zamuni huna muda wa kutafuta vifaa. Acha kumgusa mgonjwa, vuta taya lake mbele kwa kubonyeza kwa nguvu nyuma ya ndewe za masikio, bana barakoa usoni na umsukumie oksijeni kwa ambu begi, ule mfuko wa kumpumulishia mgonjwa kwa mkono. Mara nyingi inaachia. Isipoachia anahitaji dawa ya kulegeza misuli, na mtu anayejua kupitisha mrija wa pumzi awe ameshaitwa. Watoto chini ya miezi mitatu tusiwape kabisa.

Hofu ya ndoto mbaya ni kweli zaidi kwa watu wazima. Wengine huamka wakipiga kelele, wakiona vitu. Chumba kiwe kimya, mtu azungumze na mgonjwa kwa upole kabla hajasinzia, aambiwe afikirie mahali anapopapenda. Na kwa mtu mzima, midazolamu kidogo, miligramu 0.03 kwa kilo, hupunguza fujo hiyo. Mwenye ugonjwa wa skizofrenia asipewe ketamini. Mwenye maumivu ya kifua ya moyo, hapana pia, kwa kuwa inaupiga moyo mbio. Ama ile kauli ya kwamba ketamini haipewi mtu aliyeumia kichwa, ilitokana na taarifa chache za miaka ya 1970, na tafiti zilizofuata kwa majeruhi wa kichwa hazikuonyesha madhara yaliyohofiwa. Mwenye maji yaliyoziba kichwani ndiye wa kuepuka. Majeruhi wa bodaboda mwenye nundu kichwani na paja lililovunjika asinyimwe dawa hii kwa kauli ya zamani.

Kutapika kupo, hasa wakati wa kuamka. Ondansetroni husaidia. Atropini ya kukausha mate, ambayo wengi tulifundishwa kuitoa kwa kila mtoto, siku hizi haipewi kila mtu.

Magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 2013, watoa huduma wasio wataalamu wa usingizi wamekuwa wakifundishwa kutumia ketamini pale mtaalamu anapokosekana, kwa mafunzo ya siku chache, vifaa vilivyopangwa na orodha ya hatua ukutani. Nawaomba ndugu zetu wa usingizi wasilione hili kama kuingiliwa shambani. Sisi tunataka mtufundishe, mtusimamie, na mtukague.

Propofoli ni dawa nzuri mno mikononi mwa aliyejiandaa. Nyeupe kama maziwa, inashika chini ya dakika moja, inaisha ndani ya dakika tano mpaka kumi, na mgonjwa anaamka na akili yake. Kwa kushtua moyo kwa umeme au kurudisha bega gumu la mtu mzima mwenye afya naipenda. Tunaanza na miligramu 0.5 mpaka 1 kwa kilo, tunaongeza nusu ya hapo kwa uangalifu. Lakini haiondoi maumivu, inashusha presha, inasimamisha pumzi, na haina dawa ya kuitengua. Kwa mzee punguzeni dozi kwa nusu na mwende polepole. Kwa aliyepoteza damu, msiiguse. Ikifunguliwa isiwekwe ya kesho, maana mafuta yake yanazalisha vijidudu upesi.

Wengi wa mtaani wanaijua dawa hii kwa jina la Michael Jackson, aliyefariki mwaka 2009. Alipewa chumbani kwake ili alale, bila mashine za kumfuatilia ipasavyo na bila timu ya kumwokoa. Daktari wake alitiwa hatiani mwaka 2011. Mgonjwa wangu akiniuliza kama ndiyo ile, namwambia ndiyo, kisha namwonyesha kipima oksijeni kidoleni mwake, mtungi ulio kichwani pake, na sista asiyekuwa na kazi nyingine isipokuwa kumtazama. Swali lake ni halali na anastahili kujibiwa.

Nirudi kwa midazolamu, kwa sababu nisije nikaeleweka kwamba naitukana. Kwa anayehitaji utulivu tu, inafaa. Ilipoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1980, ilitumika kwa dozi zilizozidi, vifo vikatokea, na onyo kali likaandikwa juu ya matumizi yake. Na mpaka leo kuna mtego kwenye makabati yetu: ampuli moja ina miligramu 5 ndani ya mililita 5, nyingine ina miligramu 15 ndani ya mililita 3. Ziwekwe kwenye masanduku mawili tofauti. Itolewe kidogo kidogo, miligramu 1 au 2 kwa mtu mzima, kisha subiri dakika tatu nzima kwa saa kabla ya kuongeza. Ukiongeza kila baada ya nusu dakika kwa sababu "haijashika", zote zitashika kwa pamoja.

Ikichanganywa na dawa kali za maumivu kama fentanili au pethidini mambo hubadilika. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 12 wenye afya njema. Kwa midazolamu peke yake hakuna aliyepungukiwa oksijeni. Kwa fentanili peke yake walipungukiwa 6. Walipopewa zote mbili walipungukiwa 11, na 6 kati yao waliacha kupumua. Hao walikuwa watu wazima, wazima wa afya, chini ya macho ya watafiti. Mchanganyiko huu tunautumia, na kwa kazi inayouma ni afadhali sana kuliko diazepamu peke yake, lakini tuanze na fentanili, mikrogramu 1 kwa kilo au pungufu, tungoje, kisha midazolamu kwa kipimo kidogo kuliko tulivyozoea.

Najua tuna dawa za kutengua: naloksoni kwa fentanili na pethidini, na flumazenili kwa midazolamu na diazepamu. Zisitupe ujasiri. Naloksoni inaisha mapema kuliko baadhi ya dawa inazozitengua, na mgonjwa anaweza kusinzia tena akiwa kwenye benchi la nje. Flumazenili kwa mtu aliyezoea vidonge vya diazepamu inaweza kumtia degedege. Kupumulisha kwa ambu begi kunamwokoa mgonjwa haraka kuliko ampuli yoyote.

Etomideti, dawa nyingine ya kusinzisha, hapa kwetu si rahisi kuipata. Anayeipata ajue inatunza presha, ila misuli hurukaruka, jambo linaloudhi wakati unarudisha kiungo.

Kuhusu chakula. Tusimwache mtu na kiungo kilichotoka, vidole vimepoa, eti kwa sababu alikula ugali saa sita. Mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Dharura cha Marekani kilishauri kazi ya dharura isicheleweshwe kwa kuhesabu saa za kufunga. Kazi inayoweza kungoja, ingoje. Isiyoweza, ifanyike, na mashine ya kufyonza matapishi iwe imewashwa na kujaribiwa.

Kipima oksijeni tunacho karibu kila mahali siku hizi, na ni baraka kubwa tangu Takuo Aoyagi wa Japani alipobuni njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini kinachelewa. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kuacha kupumua, namba ikabaki 98 kwa dakika kadhaa. Mashine inayosoma hewa anayoitoa ndiyo inayotangulia kulia. Pasipo nayo, mwekeeni mkono kifuani, tazameni kifua kinanyanyuka, semeni naye. Anayefanya kazi kwenye mfupa asiwe ndiye anayetoa dawa na kufuatilia pumzi. Watu wawili ni kima cha chini. Wakikosekana, rudini kwenye ganzi, au mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji.

Na tusiharakishe kumruhusu. Aamke, aongee kama alivyokuja, akae bila kuyumba, anywe maji yakae tumboni, awe na ndugu wa kuondoka naye. Dereva wa bodaboda mwambieni mbele ya ndugu yake kwamba leo haendeshi, mpaka kesho saa kama hizi. Aliyepewa diazepamu awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa dawa ile hukaa mwilini kwa siku kadhaa.

Mganga mfawidhi, nimalizie na ombi ambalo mfamasia tayari ameliona kwa maandishi. Idara ya kwanza ya dharura ya kisasa katika hospitali ya umma nchini Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kusomesha mabingwa wa fani hii. Utaalamu sasa upo na unafika mikoani. Kinachokwama ni kabati. Usiku ketamini imefungiwa chumba cha upasuaji na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani, huku diazepamu imejaa kwenye troli letu; ndiyo maana inatumika. Tunaomba sanduku lenye kufuli na daftari la kusaini likae ndani ya idara ya dharura, likaguliwe na mfamasia kila asubuhi, chupa tupu zihesabiwe pamoja na zilizojaa. Tunaomba mizani ya watoto inayofanya kazi. Na bajeti ikiruhusu, mashine moja ya kusoma hewa anayoitoa mgonjwa, hata kama itatumika kwa zamu.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa wauguzi wa zamu ya usiku waanze.